Kidari cha Mtoto wa Aikande

"Umemwahidi mzee Ndekirwa nini?"

"Kidari."

"Kidari cha mbuzi yupi?"

"Aikande, leo tumechinja mbuzi wangapi? Huyu huyu."

Aikande aliweka chini sufuria ya ndizi alizokwisha kumenya, akajifuta mikono kwenye khanga. Alimtazama mumewe, Ndesanjo, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemwaga maziwa. "Na hukuniuliza."

"Wewe uliniuliza ulipomwahidi Profesa?"

"Mimi ndiye niliyezaa."

"Na mimi ndiye niliyepasuliwa."

Waligombana kwa kunong'ona huku wametoa macho, kwa sababu wageni wenyewe walikuwa sebuleni wakinywa chai, na kati ya sebule na uwanja wa nyuma palikuwa na ukuta wa mbao tu. Mzee Anaeli, baba yake Ndesanjo, alikuwa ameinama juu ya majani ya mgomba akimkata mbuzi. Katika ukoo ule kazi ya kisu ilikuwa yake. Hakugeuka, ila alikohoa, na kikohozi chenyewe hakikuwa cha mafua.

"Baba," Aikande alisema polepole, "na wewe?"

"Mimi nilimwahidi yule daktari wa Kisii," mzee alijibu, macho yakiwa bado kwenye nyama. "Niliona ninyi mmekaa kimya. Nikasema, nyumba yangu isije ikaonekana haina shukrani."

Basi, wenzangu, tuwaache hapo hapo na kisu chao, niwaeleze kwa nini kipande kimoja cha nyama kiliwagombanisha watu waliokuwa na furaha kuliko wote mlimani siku ile.

Katika ukoo wa mzee Anaeli, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mbuzi hagawiwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe. Mtoto wa kwanza wa nyumba anapotolewa nje, huchinjwa mbuzi, na kidari chake hupewa mtu mmoja, yule ambaye bila yeye mtoto asingekuja. Anayekipokea huwa somo wa mtoto. Mtoto huitwa kwa jina lake, awe wa kike au wa kiume, maana majina ya kwao hayachagui. Hukua akijua kwamba ana nyumba ya pili. Humtekea maji huyo somo wake akizeeka, na siku akifa hukaa mbele pamoja na wafiwa. Kidari chenyewe hakipasuliwi. Ukikipasua, wazee husema, umempasua mtoto.

Nyumba nyingine hazipati shida. Kidari huenda kwa bibi, au kwa mkunga, watu wakala wakaondoka. Lakini mtoto wa Aikande alikuwa na njia ndefu. Wapo watu watatu waliomfungulia njia hiyo, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Kipawa cha Profesa Nakaniwa kilikuwa kuuliza. Alipokuwa daktari kijana katika zahanati ya misheni ya mlima ule ule, kila asubuhi alikuta benchi limejaa wanawake waliokosa watoto. Walipimwa, wakapewa dawa, wakarudishwa kupimwa tena. Waume zao walibaki getini wakizungumzia bei ya kahawa. Nakaniwa akauliza swali dogo: na mume je? Wakubwa wake wakamwambia, "Daktari, usituvunjie ndoa za watu." Hakunyamaza. Alianzisha utafiti wa kuwapima mke na mume siku moja, saa moja, ili asiwepo wa kusema yeye ndiye aliyeanza kushukiwa. Alizunguka vijiji vyote vya mteremko kwa miguu, mwaka baada ya mwaka, akaona kwamba katika nyumba nyingi ambamo mke ndiye aliyelaumiwa, tatizo lilikuwa kwa mume, au kwa wote wawili. Akaandika makala. Kijana mmoja aliyekuja kumchumbia alimuuliza kama anaoa mwanamke au anaoa maabara, akaenda zake. Nakaniwa alipoinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake, wadogo zake wote walikuwa wameitwa mama, na yeye muda ulikuwa umempita.

Kipawa cha mzee Ndekirwa kilikuwa kutoogopa kuchekwa. Nakaniwa alipotafuta wanaume wa kuwapima hakumpata hata mmoja, na utafiti wa mume na mke bila mume ni kupika makande ya mahindi matupu, bila maharage. Ndekirwa alikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha kahawa, mtu wa sauti, mtu wa kuheshimika. Akaingia zahanati mchana kweupe, akasema, "Nipimeni mimi." Majibu yakatoka: tatizo lilikuwa lake, tena halikuwa na tiba. Majibu yale yalikuwa siri yake na daktari. Angeweza kuyameza. Lakini siku ya kupima kahawa, foleni ikiwa ndefu, alisimama juu ya gunia akasema, "Mke wangu mmemsema miaka yote. Yeye hana kasoro. Kasoro ni yangu. Kuanzia leo, mwenye neno aniletee mimi." Watu walicheka. Kilabuni wakamtungia wimbo, na mwaka uliofuata uenyekiti akapewa mwingine. Lakini wanaume wakaanza kuja zahanati mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma, mpaka utafiti ukajaa. Katika makala jina lake halikuandikwa, kwa kuwa sheria ya utafiti hairuhusu. Aliitwa mshiriki wa kwanza.

Kipawa cha Daktari Kemunto kilikuwa kusoma kile ambacho wengine hawakukifungua, na kumtaja mwenyewe. Makala ya Nakaniwa ilitoka katika jarida dogo ambalo hata waliolichapisha sidhani kama walilisoma lote. Ikalala. Miaka ikapita bila mtu kuigusa. Kemunto, mtafiti kijana kutoka Kisii, naye alikuwa amefikia wazo lile lile kwa akili yake mwenyewe, akaandika kazi kubwa ya kwenda kusomwa dunia nzima. Karibu na kumaliza, akakuta makala ya Nakaniwa. Mkubwa wake akamwambia, "Iache. Hakuna aliyeisoma, hakuna atakayejua." Kemunto akafuta ukurasa wake wa kwanza, akauandika upya: wazo hili si letu, lilitangulia kusemwa na Nakaniwa. Kwa maneno hayo, nafasi kubwa aliyokuwa akiitarajia akapewa mwingine, wakisema kazi yake haina jipya. Lakini waliomsoma Kemunto wakamtafuta Nakaniwa, waliomsoma Nakaniwa wakamnukuu, na walionukuu wakanukuliwa. Wizara zikaliandika jambo lile kwenye miongozo yao. Leo vitabu vinaiita njia ya Nakaniwa. Kemunto angenyamaza, ingeitwa njia ya Kemunto.

Hao ndio waliokuwa sebuleni wakinywa chai.

Na Aikande je? Aikande alikaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto. Alikunywa mizizi michungu, akaombewa mpaka magoti yakaota sugu. Mashangazi wa Ndesanjo walikuwa wakimsalimia kwa kumtazama tumbo kwanza. Siku moja alikwenda zahanati ya misheni peke yake, kama kawaida, nesi akamwambia, "Mama, siku hizi hatumpimi mke peke yake. Mwongozo umebadilika. Mlete na mwenzako."

Ndesanjo alikataa. Alisema yeye ni mzima, anabeba gunia la kahawa begani bila kupumzika. Aikande alilia, na mwishoni akamwendea mzee Ndekirwa, jirani yao. Mzee akaja na fimbo yake, akaketi, akamwambia Ndesanjo, "Mwanangu, mimi walinitungia wimbo. Unaujua?"

"Naujua, mzee."

"Uimbe."

Ndesanjo aliinamisha kichwa. Hakuweza kuuimba.

"Unaona? Hata wewe unaona haya kwa niaba yangu. Mimi wala siumii. Nenda ukapimwe."

Akaenda. Wakamkuta na mishipa ya uzazi iliyovimba, jambo ambalo kwake lilikuwa na tiba. Akapasuliwa, akapona, na mwaka haukuisha Aikande akaanza kuchagua chakula.

Tumbo lilipokuwa kubwa, Profesa Nakaniwa alistaafu. Chuo kikuu alichokuwa akifundisha kikamfanyia sherehe ya kumuaga, na waandalizi wakaona vema wawepo watu ambao kazi yake imewagusa. Wakaalikwa Aikande, Ndesanjo na mzee Anaeli, pamoja na mzee Ndekirwa, wakaketishwa meza moja na Daktari Kemunto. Hotuba zilikuwa nyingi. Kila aliyesimama alisema kazi ya Profesa imenukuliwa maelfu ya mara, katika nchi hii na ile.

Mzee Anaeli alimwinamia Kemunto. "Daktari, kunukuliwa ndiyo nini?"

"Mzee, ukila nyama ya mbuzi wa mwenzako, ukirudi kwako huwaambii watu umekula kwa nani?"

"Nisiposema mimi ni mwizi."

"Basi ndiyo hiyo."

Mzee alilitafuna neno hilo. Baadaye mzungumzaji mmoja alipoeleza kile Kemunto alichokifanya, na kile alichokosa kwa sababu hiyo, mzee Anaeli alimshika mkono chini ya meza akamwahidi kidari. Saa hiyo hiyo, nje, Ndesanjo alikuwa akimsindikiza mzee Ndekirwa chooni, na kwa moyo uliojaa akamwahidi kidari. Na Aikande alikuwa kwenye chumba cha kupumzikia. Profesa alikuwa ameomba ruhusa ya kumgusa tumbo, akalihisi teke, akasema taratibu, "Nimewasaidia watoto kuja duniani maisha yangu yote. Jina langu linajulikana na watu nisiowajua. Lakini hakuna mtoto hata mmoja anayeniita bibi." Aikande angesema nini kingine? Alimwahidi kidari.

Ahadi ni deni, wenzangu, na watu wa nyumba moja walikuwa wamekopa mara tatu kwa dhamana ya mbuzi mmoja.

Sasa turudi uwanjani. Ndesanjo alikuwa akikuna kichwa. "Tungechinja mbuzi wengine wawili."

"Na watoto wengine wawili utawatoa wapi?" baba yake alimuuliza.

"Basi apewe majina matatu."

"Ataitwa na huyu hivi, na yule vile, mpaka asijue aitike lipi. Umeshaona mbwa wa nyumba tatu? Hulala njaa."

"Tusubiri mtoto wa pili," Aikande alisema, lakini aliposikia sauti yake mwenyewe alijirudi. Huyu mmoja alikuwa amesubiriwa vya kutosha. Hakutaka kumdai Mungu hadharani.

Ndipo sauti ya mzee Ndekirwa ikatoka ndani. "Ndesanjo, ukuta wenu ni wa mbao. Leteni huo ugomvi huku, kuna viti."

Wakaingia mmoja nyuma ya mwingine kama watoto walioitwa na mwalimu. Aikande alitaka sakafu ipasuke. Lakini wageni hawakuwa wamekasirika. Kemunto alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Profesa alikuwa amempakata mtoto.

"Mimi sitajifanya mpole," mzee Ndekirwa alianza. "Nakitaka."

"Mzee, hujabadilika," Profesa alisema.

"Kwa nini nibadilike? Wewe, mwanangu, umetajwa na watu wa ng'ambo usiowajua hata kwa sura. Mimi katika karatasi yako naitwa nani?"

"Mshiriki wa kwanza."

"Haya. Mtu aitwe Mshiriki?"

"Ilikuwa sheria, mzee. Nilikuwa nakulinda."

"Najua, na nilishukuru. Lakini nimezeeka. Sihitaji kulindwa tena. Mke wangu alikufa bila kuitwa mama fulani, hata siku moja. Walichonipa watu wa hapa kwa kazi ile ni wimbo wa kilabuni. Nikisikia mtoto anaitwa Ndekirwa, anaitwa kwa upendo, wimbo ule utakuwa umejibiwa."

Ndesanjo alitazama viatu vyake.

Kemunto alisema, "Mimi nitawapunguzia mzigo. Nina watoto watatu nyumbani na wote wananisumbua. Msiniongezee wa nne."

"Usijishushe, binti," mzee Anaeli alimkatiza. "Bila wewe ile karatasi ingeliwa na mchwa. Profesa angeuliza, Ndekirwa angejibu, na maneno yao yangeishia kwenye kabati. Nesi angemwambia nini mkwe wangu? Angemwacha na mizizi yake."

Kemunto alizungusha kikombe chake mezani. "Ni kweli kwamba siku nyingine nikifungua kitabu, nikakuta njia ya Nakaniwa, moyo hunigonga kidogo. Kisha hutulia. Nimewataja wengi katika maisha yangu ya kazi, lakini, mzee, wewe ndiye wa kwanza kuniambia asante kwa kumtaja mtu. Hilo nitaondoka nalo, hata nisipoondoka na nyama."

"Na mimi nilishakula changu," alisema Profesa. "Kila anayeninukuu ananikatia kipande. Mpeni mwingine."

Alisema hivyo, lakini mtoto hakumrudisha. Kidole chake gumba kilikuwa kikipita juu ya sikio la mtoto, taratibu, kinakwenda na kurudi, na Aikande alikiona. Akakumbuka kile chumba cha kupumzikia. Mtu huweza kusema mpeni mwingine kwa mdomo, huku mkono unasema jambo jingine.

Aikande alitamani kuwashukuru wote kwa mara moja, na kwa shukrani ile ile. Alimtazama aliyeuliza swali wakati wengine walimkataza kuuliza. Alimtazama aliyelijibu kwa mwili wake na heshima yake. Alimtazama aliyelibeba swali na jibu mpaka yakamfikia yeye, mwanamke asiyejulikana, kwenye benchi la zahanati. Akamtoa mmoja kichwani mwake, mtoto akatoweka. Akamrudisha, akamtoa mwingine, mtoto akatoweka tena. Kila alivyojaribu, hakupata namna ya kumtoa yeyote akabaki na mtoto.

"Mnisamehe," aliwaambia. "Furaha ilitupita kimo. Kila mtu wa nyumba hii alitaka kushukuru kabla ya mwenzake."

"Hilo ni kosa zuri," mzee Ndekirwa alisema. "Sijawahi kugombaniwa. Lakini liamue, mama, maana katika ukoo huu kidari hukabidhiwa na mkono uliozaa. Si mkono wa mume, wala wa baba mkwe. Sisi watatu tutakula sehemu yoyote tutakayopewa, hata kama ni mkia. Atakayekosa hatanuna."

"Sitanuna," Kemunto alisema.

Profesa aliitikia kwa kichwa, macho yakiwa kwa mtoto.

Mzee Anaeli alitoka, akarudi na kidari kizima juu ya jani bichi la mgomba. Akaliweka jani lile mikononi mwa Aikande, kisha yeye mwenyewe akarudi nyuma hatua chache, kama desturi inavyotaka, akasimama kizingitini ili awatangazie majirani waliokuwa wakisubiri nje. Aikande alihisi uzito wa nyama na uvuguvugu wake kupitia kwenye jani. Aliwatazama wageni wake, mmoja baada ya mwingine, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya huzuni.

Nami hapa ndipo ninapowaachia, wenzangu mnaonisikiliza, mlio na watoto na mnaowaombea. Yupo aliyeuliza, akatajwa duniani kote, lakini hana mtoto wa kumwita bibi. Yupo aliyejibu, akachekwa kijijini kwake, na hakuna ukurasa wenye jina lake. Yupo aliyepeleka habari, akaacha jina la mwenzake likae mahali ambapo lake lingekaa. Kidari ni kimoja, hakipasuliwi, na mtoto ni mmoja. Je, wewe ungeamua vipi? Ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewaambia nini?

Fikirini, lakini msichelewe sana, maana mzee Anaeli amekwisha kugeuka pale mlangoni, na anamwambia mkwewe, "Mama, majirani wameshasimama. Mwite mwanao kwa jina."